Kilomita 70 kati ya Nzwani na Maore: bahari ya jirani zetu inameza watu, na sisi wa mwambao tumenyamaza

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam aleikum na salamu kwa wote.

Humu ndani habari za wahamiaji wa Lampedusa na boti za Libya tunazijadili mara kwa mara, na ni haki yake. Ila kuna bahari nyingine inayoua watu kwa staili ileile, na hiyo iko mlangoni kwetu. Ukitoka Mtwara ukashika mashariki ukielekea kusini kidogo, nchi kavu ya kwanza utakayoikuta ni Komoro. Naomba tuijadili hiyo leo, maana kila nikigusia kijiweni naona watu wengi hata hawajui kinachoendelea.

Komoro ni visiwa vinne: Ngazija, Mwali, Nzwani na Maore. Vitatu vya kwanza ndiyo nchi yenyewe, Umoja wa Komoro, mji mkuu Moroni. Cha nne, Maore, kwenye ramani za Ufaransa kinaitwa Mayotte. Kimekuwa mkoa kamili wa Ufaransa, wa 101, tangu 31 Machi 2011, na tangu 2014 ni sehemu ya Umoja wa Ulaya. Yaani Ulaya imefika huku kwetu, na mpaka wake unapita katikati ya bahari ya ndugu.

Kutoka Nzwani hadi Maore ni kilomita 70 hivi. Wanaopanda boti ya Dar kwenda Unguja wanaujua huo umbali, ni kama uleule.

Zamani mtu wa Nzwani alikuwa anavuka tu. Anakwenda kuuza ndizi, kuhudhuria harusi, kuhani msiba, kumsalimia shangazi, anarudi. Mwezi Januari 1995 serikali ya waziri mkuu wa Ufaransa, Édouard Balladur, ikaweka viza. Kwa mvuvi wa Domoni, mji wa Nzwani, au mkulima wa karafuu, viza ile ni kama haipo, kwa sababu anatakiwa kuonyesha pesa na nyaraka ambazo hajawahi kuwa nazo maishani. Watu hawakuacha kwenda. Walichofanya ni kuanza kuvuka usiku.

Chombo chenyewe kinaitwa kwasa-kwasa. Ni boti ya faiba ya kuvulia samaki, urefu wa mita saba hadi kumi, mashine moja au mbili nyuma, haina paa wala taa. Imetengenezwa kwa ajili ya wavuvi wachache na nyavu zao. Wanapakiwa watu 30, wakati mwingine zaidi, wamebanana magoti kifuani, katikati yao madumu ya petroli. Petroli ikimwagika ikachanganyika na maji ya chumvi chini ya boti, inachoma ngozi ya waliokaa sakafuni, na wanaokaa sakafuni mara nyingi ni kina mama na watoto. Anayeshika mashine mara nyingi ni kijana mdogo, hajafika miaka 18, kwa sababu wenye biashara wanajua mahakama haitamfunga kama mtu mzima. Wenye biashara wenyewe hawapandi.

Halafu kuna mwamba. Maore imezungukwa na miamba ya matumbawe pande karibu zote, na ndani yake kuna wangwa wa bahari wa zaidi ya kilomita za mraba 1,000, mojawapo ya mikubwa duniani. Ni mahali pazuri sana kwa kasa na pomboo. Kwa boti iliyozidiwa uzito, inayokuja gizani, nahodha hajui mlango wa mwamba uko wapi na wakati huohuo anakimbia rada na boti za doria, pale wimbi linapovunjikia ndipo watu wanapoishia. Miezi ya kusi ndiyo mbaya zaidi.

Wangapi wamekufa? Ripoti ya Seneti ya Ufaransa ya mwaka 2012 ilikadiria watu 7,000 hadi 10,000 tangu viza ianze 1995. Hiyo ni 2012. Tangu hapo boti hazijaacha kuvuka.

Nimeandika haya kwa uchungu, sifichi. Naomba mchango wenu, hasa walioko kule au wenye jamaa kule.

#2 Mdau wa Dodoma

Mkuu, uzi mzuri, ila mimi nina swali. Si hawahawa Wakomoro waliomfukuza Mfaransa wenyewe 1975? Na si Wamaore walipiga kura wakabaki? Kila mtu alichagua. Sasa ukikataa nyumba ya mtu, unarudi usiku kupitia dirishani kwa nini?

#3 Mleta uzi

Mkuu wa Dodoma, swali lako ni la haki na huko Maore kwenyewe ndivyo wengi wanavyosema. Ngoja nilijibu taratibu.

Kura ya maoni ya 22 Desemba 1974 ilipigwa kwa visiwa vyote vinne. Jumla, karibu asilimia 95 walitaka uhuru. Kwa Maore peke yake, karibu theluthi mbili walikataa. Kiongozi wa Komoro, Ahmed Abdallah, akatangaza uhuru 6 Julai 1975, Ufaransa ikashika matokeo ya kisiwa kimoja kimoja, ikafanya kura nyingine Maore Februari 1976, na kule zaidi ya asilimia 99 wakasema tunabaki. Umoja wa Mataifa ulikuwa tayari umeipokea Komoro kama nchi ya visiwa vinne, na Oktoba 1976 Baraza Kuu likailaani ile kura. Mpaka leo serikali ya Moroni inasema Maore ni yake.

Lakini tusiwadharau Wamaore kwa uamuzi wao. Walikuwa na kinyongo cha kweli. Makao makuu yalikuwa Dzaoudzi, kwao, halafu yakahamishiwa Moroni. Ajira zikahama, pesa zikahama, na wanawake wa Maore waliobaki na watoto bila kipato ndio waliosimama mstari wa mbele miaka ya 1960 kudai wabaki na Ufaransa. Waliwazingira maofisa waliotumwa kutoka Moroni wakawatekenya mpaka wakakimbilia boti zao. Akina mama wale waliogopa kutawaliwa na ndugu wakubwa kuliko walivyomwogopa mgeni. Sisi tuliokulia kwenye muungano tunaweza kuielewa hofu ya mdogo mbele ya mkubwa.

Na angalia yaliyofuata upande wa pili: mapinduzi, mamluki wa Mfaransa Bob Denard, marais kuuawa. Nzwani yenyewe mwaka 1997 ilijitangaza kujitenga na ikaomba irudi kwa Mfaransa, Paris ikakataa. Machi 2008 wanajeshi wetu wa JWTZ walikuwa kwenye kikosi cha Umoja wa Afrika kilichotua Nzwani kumwondoa Kanali Mohamed Bacar. Mnajua Bacar alikimbilia wapi? Alipanda boti usiku akaenda Maore. Rais wa kisiwa alipita njia ileile ya wavuvi na wajawazito.

Sasa kuhusu hilo dirisha lako. Asilimia kubwa ya wanaovuka leo hawakuzaliwa 1974. Binti wa miaka 22 wa Domoni hakupiga kura yoyote. Alichokikuta ni kwamba mama yake mdogo yuko upande ule, hospitali iko upande ule, na katikati pana viza.

#4 Mdau wa Unguja

Assalaam aleikum. Mimi babu yangu mzaa mama ni Mngazija, aliingia Unguja enzi za Sultani kama Wangazija wengi wa Mji Mkongwe. Hili la undugu naomba nilitilie mkazo.

Komoro hakuna ukoo wa kisiwa kimoja. Mwanamume wa Nzwani anaoa Maore, na kwa mila zao nyumba ni ya mke, kwa hiyo mume ndiye anayehamia. Watoto wanazaliwa huku, wanatahiriwa kule, wanasoma chuo kwa fundi aliye kisiwa cha tatu. Hata masharifu na tarika zao ni zilezile, na zimeungana na Unguja, Lamu mpaka Hadhramaut. Binamu yangu aliyeko Mutsamudu, mji mkuu wa Nzwani, alifiwa na dada yake Maore. Maiti ilizikwa siku ileile kama ilivyo sheria yetu, yeye akasikiliza dua kwenye simu. Bahari aliyokuwa anaiona kutoka barazani kwake haikumruhusu kupita.

Nashukuru mleta uzi umetaja na uchungu wa Wamaore. Mara nyingi watu wetu wanawaita wasaliti, na hilo halisaidii kitu.

#5 Mleta uzi

Shekhe wa Unguja, ahsante sana. Sasa niseme habari ya Maore yenyewe, maana bila hiyo tutakuwa tumeeleza nusu.

Kisiwa kina kilomita za mraba 374. Kidogo kuliko Mafia. Sensa ya 2017 ilikuta watu 256,518, na karibu nusu yao hawana uraia wa Ufaransa, ingawa karibu theluthi ya hao wamezaliwa hapohapo. Ndiyo mkoa maskini kuliko yote ya Ufaransa: watu 77 kati ya 100 wanaishi chini ya mstari wa umaskini wa nchi ile. Nyumba nne kati ya kumi ni za mabati.

Hospitali ya Mamoudzou, mji mkuu wa Maore, imefikia kuzalisha watoto wapatao 10,000 kwa mwaka, hakuna wodi ya wazazi inayofikia hiyo Ufaransa nzima. Shule za msingi nyingi zinaingia kwa zamu, kundi moja asubuhi na jingine mchana, kwa sababu madarasa hayatoshi. Maji nayo yanategemea sana mvua inayojaza mabwawa mawili, Combani na Dzoumogné. Mwaka 2023 mvua ikagoma, ikafika mahali bomba linatoa maji siku moja kati ya tatu. Hapo ukiwa mama wa Kimaore, una kadi ya uraia wa nchi tajiri na ndoo yako iko tupu, boti mpya ikitua usiku ufukweni kwako utaiona kama wewe ndiye unayenyang'anywa. Mimi siwezi kumlaumu mama huyo kwa hasira yake. Nawalaumu waliomwachia kisiwa hakina maji miaka yote hiyo halafu wakamwonyesha jirani yake kuwa ndiye adui. Vijiji vya huko vilifika mahali 2016 wakawatoa watu kwenye nyumba zao kwa nguvu, familia nzima na magodoro yao zikalala uwanjani Mamoudzou.

Serikali jibu lake ni moja: kuwarudisha. Zaidi ya watu 20,000 kwa mwaka wanapakiwa kwenye meli, Maria Galanta, kutoka Dzaoudzi kwenda Mutsamudu. Wengi wanarudi ndani ya majuma machache kwa kwasa ileile, wakiwa wamekopa tena nauli. Haraka yenyewe ni kubwa hadi watoto wanapotea katikati. Mwaka 2013 watoto wawili, mmoja wa miaka mitano na mwingine mitatu, waliandikwa kwenye karatasi za mtu mzima wasiyemfahamu ili warudishwe Nzwani siku hiyohiyo, na baba yao alikuwa Maore kihalali akiwasubiri. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliihukumu Ufaransa kwa kesi hiyo mwaka 2020.

Aprili 2023 wakaja na operesheni kubwa waliyoiita Wuambushu: polisi mamia kwa mamia, kubomoa mabanda, kurudisha watu. Komoro ikafunga bandari ya Mutsamudu, meli ikageuza na abiria wake. Hapo ndipo unaona kisiwa kidogo kinavyogeuzwa fimbo ya kumpigia kisiwa kidogo kingine.

Kisha 14 Desemba 2024 kikaja kimbunga Chido. Upepo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa ukasafisha vilima vya mabati vya Kawéni, mtaa wa Mamoudzou, kana kwamba hapajawahi kujengwa. Baadhi ya watu waliokuwa hawana karatasi waliogopa kwenda kwenye shule zilizofunguliwa kuwapokea, walidhani ni mtego wa polisi. Walibaki kwenye mabanda. Hili ndilo linaloninyima usingizi kuliko yote niliyoandika hapa: mtu anaogopa askari kuliko anavyoogopa kimbunga.

#6 Mdau aliyeko Maore

Jambo wote. Mimi niko Maore, natokea Kivu ya Kusini, nasoma uzi huu tangu mwanzo na nimeona nisinyamaze.

Mnazungumza Wakomoro, ni sawa, wao ndio wengi. Lakini tuko na sisi wa Maziwa Makuu: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, na ndugu Wasomali. Sisi hatukufuata shangazi. Tulikimbia vita. Njia ni Tanzania, ukifika pwani unatafutiwa chombo cha kukupeleka Komoro, halafu kwasa. Kila mahali kuna mtu wa kulipwa, na kila mtu anakuambia ndiye wa mwisho.

Usifikiri boti kubwa kutoka pwani ya Afrika ni salama kuliko kwasa. Mwanzo wa Novemba 2024 watu wasiopungua 25 walikufa kati ya Nzwani na Maore. Shirika la uhamiaji la Umoja wa Mataifa, IOM, lilisema waliookoka walieleza kwamba wasafirishaji wenyewe ndio walioipindua boti kwa makusudi. Mwezi huohuo boti za Wasomali zilikutwa zinaelea upande wa Madagaska, wamekufa zaidi ya 20.

Hapa nilifikia uwanja wa mpira wa Cavani, Mamoudzou, pembeni yake. Tulijenga kwa turubai na miti. Tuliokuwa pale ni waalimu, mafundi, wanafunzi wa chuo, kina mama wenye mapacha. Watu wa mtaa walichoka nasi, Januari 2024 wakafunga barabara za kisiwa kizima, kambi ikavunjwa. Wengine walikwishapata hadhi ya ukimbizi, hao wakapelekwa Ufaransa kwa ndege. Tuliobaki tukahamia Tsoundzou karibu na mikoko, maji yakijaa yalikuwa yanaingia kwenye hema. Hakuna posho kama ile wanayopewa waomba hifadhi wa Ufaransa bara, ni vocha ya chakula tu, na haimalizi mwezi. Wenyeji wengine wanatupiga mawe, na wengine, naomba niseme kweli ya Mungu, wanatuletea wali na maji bila kuuliza jina.

Kiswahili ndicho kimeniokoa. Mzee wa Kikomoro sokoni tunaelewana nusu kwa nusu, akanipa kazi ya kubeba mihogo.

#7 Mdau wa Dodoma

Ndugu yetu wa Kivu pole sana, sikujua kabisa habari ya Cavani. Mleta uzi, basi tuambie, wewe ungekuwa na uwezo ungefanya nini? Maana kulia tumelia.

#8 Mleta uzi

Kaka wa Kivu, Mungu akutunze. Mkuu wa Dodoma, nitasema ninavyoona mimi.

La kwanza ni viza yenyewe. Miaka 30 imetosha kuonyesha haizuii, inaua tu na kuwatajirisha wenye boti. Vuko halali la mchana, meli yenye maboya, kwa mgonjwa mwenye barua ya daktari, kwa mfiwa, kwa mchuuzi anayejulikana, likiwa na kibali cha siku kadhaa, lingenyang'anya kwasa nusu ya abiria wake. Mtu anayejua anaweza kurudi tena mwezi ujao hana sababu ya kujificha asiondoke. Wanaobaki kwa miaka wengi wanabaki kwa sababu kutoka ni kujifungia nje.

Paris badala yake inabana uraia. Zamani mtoto aliyezaliwa Maore alikuwa na njia ya kuwa Mfaransa akikua. Sheria ya 2018 ikadai mzazi mmoja awe na makazi halali kabla mtoto hajazaliwa, ya Mei 2025 ikadai wazazi wote wawili, na kwa mwaka mzima. Mimi siamini kama kuna mama anayepanda kwasa na mimba ya miezi minane akiwa ameisoma sheria ya uraia. Anapanda kwa sababu hospitali ya Hombo pale Mutsamudu mgonjwa anatakiwa alipie vifaa vyake, na anajua aliyefia pale.

Mwaka 2019 Ufaransa na Komoro zilikubaliana msaada wa euro milioni 150, Komoro nayo isaidie kupokea wanaorudishwa. Nzwani pesa ya maana ingeonekana wodini na kwenye madawa. Serikali ya Moroni nayo isijifiche nyuma ya bendera. Kudai kisiwa cha nne ni haki yao, lakini vijana wanaovikimbia vile vitatu wanakimbia kitu, na hicho kitu hakiko Paris peke yake.

Na sisi je? Hapa ndipo hasa nilitaka tufike. Vyombo vinaondoka kwenye fukwe zetu, madalali wako kwenye vituo vyetu vya mabasi. Kipindupindu cha Komoro cha 2024, kilichoua zaidi ya watu 100 kule na baadaye kikavuka hadi Maore, kiligundulika Februari kwenye chombo kilichotoka Tanzania. Bahari hii ni moja. Ningependa viongozi wetu walitaje jambo hili kwenye Umoja wa Afrika kwa sauti ileile waliyotumia 2008 walipopeleka jeshi. Na wavuvi wetu wa kusini wakiokota watu baharini wasiogope kuwaleta nchi kavu kwa kuhofia kesi.

#9 Mdau wa Kigoma

Wakuu, mimi nina jambo la nyumbani. Kuna kijana hapa jirani, ni mkimbizi, anachangisha nauli ya njia hiyo. Nimemsomea uzi wote. Hakutishika na boti, anasema amepita porini na amekutana na mabaya zaidi. Ameniuliza swali moja tu: akipata kibali cha Maore, kinamfikisha Paris?

#10 Mdau aliyeko Maore

Mwambie hapana. Kibali cha kawaida cha Maore mwisho wake ni Maore. Huwezi kupanda nacho ndege ya Réunion, kisiwa kingine cha Ufaransa, wala ya Ufaransa bara bila viza nyingine. Sheria ya Agosti 2025 imesema zuio hilo litaondolewa 2030, kwa sasa lipo. Anayeweza kutoka ni yule aliyekubaliwa kuwa mkimbizi kamili, na kwa hilo unasubiri, unaitwa, unahojiwa, wengi wanakataliwa na kuanza rufaa. Miezi yote hiyo analala kwenye turubai.

Kama ana namba ya ukimbizi kambini kwenu Kigoma, asiiache kienyeji. Mimi ya kwangu niliiacha, na hapa wakaniuliza kwa nini niliondoka mahali nilipokuwa nimepokelewa. Mpe namba yangu kwa ujumbe wa faragha, anipigie kabla hajalipa mtu yeyote.